Punje Nyeusi za Bi Ofelia

Ofelia Bruzzone alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye maabara ya ghorofa ya pili ya chuo chetu, hapa Rosario, na mpaka mwaka wa mwisho jina lake halikuwahi kuchapishwa mahali popote ila kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni. Mimi nilikuwa mtunza stoo, chini. Nilimpa glavu, visahani na chupa, akasaini, akapanda ngazi. Ukiniuliza kama nilimfahamu nitakwambia vizuri sana, na nitakuwa nakudanganya.

Kazi yake ilikuwa kuangalia seli za ngozi ya chura. Ndani yake mna punje nyeusi, ndogo kupindukia, ndizo zinazompa chura weusi wake. Hadubini ilizipiga picha mfululizo, na Bi Ofelia akabonyeza mahali punje ilipo, picha baada ya picha, mia tatu kwa kila punje. Kompyuta ingeweza kuzifuata yenyewe, lakini punje mbili zikipishana ilichanganyikiwa, ikaipa hii njia ya ile. Yeye hakuchanganyikiwa. Alizizoea kama mwalimu anavyozoea darasa, akazisema kwa sauti: "Huyu leo mvivu. Na yule anamkimbia nani?" Alizungumza nazo kuliko alivyozungumza nasi. Mama yake alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na kaka yake wa pekee, Aldo wa kule Mendoza, aligombana naye siku ya mazishi. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba mvua inanyesha.

Daktari Galarza, mkuu wake, alikuwa na swali moja. Kitu kidogo kiasi hicho kikiwa majini hutetemeka tu, kwa sababu maji yenye joto hayatulii, yanakipiga vikumbo kutoka kila upande. Hapo hakuna uhai wowote. Lakini ndani ya seli iliyo hai kuna wachukuzi, vijimashine vidogo zaidi ya punje, vinavyokula nguvu ya chakula na kuikokota punje kutoka hapa hadi pale. Galarza alitaka kujua mwendo upi ni vikumbo na upi ni kazi. Njia ilikuwa kuizimia seli pumzi kwa dawa. Wachukuzi wakikosa nguvu, kinachobaki ni mtetemo wa bure.

Mwezi wa nne Bi Ofelia akatia dawa, na punje zikaendelea kutembea. Polepole kidogo, lakini zilitembea. Akarudia kwa visahani tisa vya seli, mambo yakawa yale yale. Galarza alishuka ngazi mbili mbili, tai imemkaa begani.

"Mnene!" Hivyo ndivyo walivyoniita. "Mnene, kuna nguvu mle ambayo hakuna aliyewahi kuiona!"

"Ikipatikana na ya kupandisha maboksi, Daktari, usinisahau."

Alicheka, akamgeukia Bi Ofelia aliyekuwa anasaini daftari langu. "Makala hii jina lako litakuwa la pili, Bi Ofelia. Langu, halafu lako. Na mwezi wa sita nikiitangaza ukumbini, wewe utakaa mbele na watu wako."

Watu wake! Niliona aibu kwa niaba yake. Lakini jioni ile alimpigia Aldo, baada ya miaka sita, na Aldo akasema atakuja na mke na watoto. Kesho yake Bi Ofelia aliniuliza watoto wa siku hizi wanakula nini. Sijawahi kumwona mtu akiuliza swali hilo kwa furaha namna ile.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe alikuja kuchukua chupa nyingine ya mchuzi. Ndivyo tulivyokiita kile kimiminika cha kulelea seli. Mimi, kwa mdomo wangu usiotulia, nikamtania.

"Bi Ofelia, hawa wagonjwa si unawanyima pumzi? Mbona unawapelekea supu?"

"Ni ya kuwaoshea, acha maneno yako. Naosha kwa mchuzi wa vuguvugu, ndipo natia dawa. Mwalimu wangu wa kwanza aliniapisha, seli usiimwagie maji matupu, utaishtua."

"Supu ya kunawia! Kwetu hatujafika huko."

Alianza kucheka, akaacha. Akaigeuza chupa, akasoma lebo. Mchuzi una sukari. Dawa ile huzima pumzi tu, na seli yenye sukari hujipatia nguvu kidogo hata bila pumzi. Maelekezo ya Galarza yalisema "osha," basi. Yeye alimaanisha maji ya chumvi, na Bi Ofelia akaosha kwa upole wa miaka thelathini na mmoja. Visahani vyote tisa alikuwa amevilisha.

"Mnene, una maji ya chumvi yasiyo na sukari?"

Nilikuwa nayo. Nikamwambia, na sioni fahari kulisema, "Kwani lazima? Nani atajua?"

"Mimi ndiye ninayezifuata." Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia: "Panda na mimi. Sitaki kuangalia peke yangu."

Nikapanda. Alinimiminia yerba, chai yetu chungu ya majani, kwenye kibuyu chake, tukapokezana bomba lile lile la kunyonyea, naye akaosha kwa maji ya chumvi na kutia dawa. Kwenye kioo cha kompyuta punje zilikuwa zinakwenda na kurudi kama watu wa sokoni. Baada ya dakika ishirini zikapunguza mwendo. Moja ikasimama, nyingine ikasimama, mwisho zote zikawa zinatetemeka tu mahali pake. Bi Ofelia alizibonyeza zote, picha mia tatu, machozi yakimtoka, na mkono haukukosea hata mara moja.

"Ndivyo inavyotakiwa kuwa," alisema.

Asubuhi alimweleza Galarza mbele yangu. Galarza alimshukuru, na nadhani alimshukuru kwa dhati. Makala ilitoka baadaye, fupi, na jina lake liliwekwa mwishoni, palipo na shukrani. Kutangaza ukumbini kukafutwa.

Simu kwa Aldo aliipiga kutoka stoo kwangu.

"Hapana, hakuna sherehe tena. Ndiyo, nilikosea mimi." Akavuta pumzi. "Lakini Aldo, mnaweza kuja tu. Hivi hivi. Nimeshatandika vitanda."

Alisikiliza.

"Naam. Naelewa. Wasalimie watoto."

Akaweka simu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anasema safari ni ndefu."

Kutoka Mendoza ni basi moja, unalala humo unaamka hapa. Mimi nikajibu kwamba ni kweli, ni ndefu, nikaendelea kupanga maboksi.

Jumapili iliyofuata tulichoma nyama nyumbani kwangu. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na nyama ikabaki. Sikumwalika.