Kofia Iliyobaki Msumarini

Mume wangu alipofariki, majirani walinipikia mpaka siku ya kuanua matanga. Wakaondoka na masufuria yao, nami jiko nikaliacha baridi. Nilikuwa nakaa eda nyumbani kwetu Kilwa Masoko, nakunywa chai ya rangi asubuhi na kuihesabu chakula mpaka jioni. Binti yangu akipiga simu kutoka Lindi, namwambia nimeshiba. Nguo zilinipwaya, nikisimama naona kizunguzungu. Kusema kweli, niliona haya kula wakati mume wangu yuko mchangani.

Ndipo akaja mtani wake, mama mzaliwa wa Miteja aliyeolewa mtaa wa pili. Kwetu mtani ana ruhusa ya kumwiga marehemu mbele ya mjane, na mjane haruhusiwi kununa. Aliingia bila hodi, akaitungua kofia ya mume wangu msumarini, akaivaa, akaketi kwenye kiti chake. Akakohoa kile kikohozi cha marehemu cha kutafuta ugomvi.

"Mke wangu, leo tunakula nini? Au jiko nalo mmelizika?"

"Hakuna kitu."

"Afadhali. Mchuzi wako wenyewe ulikuwa maji ya kunawia."

Hasira zilinipanda. Mtu miaka yote anarudisha sahani imefutwa, leo mchuzi wangu maji ya kunawia? Niliinuka, nikakuna nazi, nikabandika samaki, nikasonga ugali. Nikampakulia kwa kishindo. Akanirudishia sahani.

"Mimi maiti, mama. Maiti hali. Onja wewe, uone kama naongopa."

Nikaonja ili nimkomeshe. Nikaonja tena. Nilipomaliza nilikuwa nalia huku nalamba vidole, na yule mama ananitazama tu chini ya kofia.

Alipoaga alidai kofia iwe ujira wake. Nikamwambia haitoki, aje kesho tubishane vizuri. Akaja, na siku hiyo maiti alikula sahani mbili. Ikawa ndiyo kazi yetu: yeye anadai, mimi namnyima, na ubishi hauendi na tumbo tupu.

Eda ilipokwisha niliona amestahili. Nikamkabidhi kofia kwa mikono miwili, moyo ukiniuma. Akaigeuzageuza, akainuka, akaitundika palepale msumarini.

"Iache hapo," alisema. "Nikiichukua, kesho nitakuja kudai nini?"

Nikaenda kukuna nazi.