Sura Yangu Juu ya Mkokoteni

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mchora vibao. "Nyumba hii haiuzwi" zote za mtaani kwetu ni za mkono wake, na "Usikojoe hapa" ameandika mpaka basi. Vinyozi humpa kazi ya vichwa, na vichwa vyote vinafanana na marehemu baba yake, kwa sababu ndicho kichwa alichojifunzia. Unakwenda kuchagua mtindo wa nywele, unakutana na baba mkwe wangu kakunja uso.

Nilimchukua safari ya ng'ambo kununua vifungo vya nguo, na si kwa mapenzi. Ana mgongo mpana na halalamikii chakula. Sikujua kwamba hawezi kupita kibao bila kukikagua.

Hotelini, mlangoni mwa choo, palikuwa na picha tatu, kila moja imekatwa mstari mwekundu. Ya kwanza, mtu kachuchumaa juu ya kiti cha choo. Ya pili, mtu anaosha miguu humo. Ya tatu, mtu kashika ndoana, anavua samaki.

"Shemeji, njoo uone," akaniita, mswaki mdomoni. "Kibao hakichorwi bure. Humu kuna mtu alivua."

"Alipata?"

"Kama hakupata, wangemkataza ya nini?"

Sokoni, penye ngazi za umeme, palichorwa ngazi yenye meno inatafuna ndala. Akavua zake, akazikumbatia kama vifaranga, akapanda peku. Mama mmoja nyuma yetu, mwenyeji kabisa, akamtazama, naye akavua viatu vyake.

Tulipofika juu tukaona kibao cha kijani langoni. Watu wanne wamesimama katikati, na kutoka kila pembe mshale unawaelekea.

"Hawa wamevamiwa," alisema shemeji. "Tukipotezana, tukutane hapa kwa waliovamiwa."

Nikakubali, maana simu zetu zilikosa mtandao tangu mpakani. Yeye akaenda kutafuta brashi, mimi vifungo. Basi la kurudi lilikuwa linaondoka saa kumi kamili, na pasipoti zote mbili zilikuwa mkobani mwake, kwa kuwa zipu ya mkoba wangu ilikufa.

Muuza vifungo hakujua neno langu hata moja, wala mimi lake. Tuligombana kwa vidole na kikokotoo. Niliondoka kwa hasira mara mbili, akaniita mara mbili. Saa nane na nusu nilikuwa na mzigo wangu, bei niliyoitaka, na koo limekauka.

Nikaenda kwa waliovamiwa. Shemeji hayupo. Nikamwonyesha mlinzi kibao, nikanyanyua mabega. Akaninyooshea kidole upande wa pili: waliovamiwa wengine! Kumbe soko lile lilikuwa na malango kumi na mawili, na kila lango lina wavamiwa wake. Na mimi bila pasipoti basi silipandi.

Lango la saba ilikuwa saa tisa na robo. Hapo watu wakaanza kunicheka. Muuza mikanda alimpiga mwenzake kiwiko, wakanitazama wote wawili. Nikajikagua nguo, ziko sawa. Mara mpagazi akapita na mkokoteni, na mbele ya mkokoteni kimefungwa kipande cha boksi, na kwenye boksi niko mimi.

Kilemba changu. Kipini changu. Mdomo wazi kama mlango wa ghala. Ni pua tu iliyokuwa ya baba mkwe.

Mpagazi aliponiona alipiga kelele, akanipungia nimfuate. Njiani tukapishana na mikokoteni mingine minne, na yote imebeba sura yangu. Wenye maduka walitoka nje kunisindikiza kwa macho.

Shemeji alikuwa lango la kumi na moja, kaketi chini ya kibao cha kijani, anachora boksi la sita.

"Wewe mtu!" nikamwambia. "Kwa nini hukunitafuta?"

"Tutafutane wote wawili, tutakutana lini? Tazama kibao, shemeji. Watu wanakaa, mishale ndiyo inakuja."

"Na mdomo huu?"

"Niliwauliza kwa ishara kama wamemwona mama mwenye kilemba. Wakakataa. Nikapanua mdomo hivi, wote wakaitikia."

Nikataka kumjibu, nikagundua nimeufungua vilevile. Nikaufunga, nikambebesha mzigo, tukakimbia. Tulipanda basi saa kumi kasoro dakika tatu.

Boksi moja alirudi nalo. Sasa limetundikwa juu ya meza yangu ya vifungo, kwa sababu niliona faida yake: mteja analitazama, ananitazama, kisha habishani sana. Ila juzi nilimwambia anichoree jingine, la heshima, mdomo umefungwa.

Aliweka brashi chini. "Sawa, shemeji," akasema. "Halafu chini yake tuandike jina la nani?"