Kuku wa Sura ya Nne

Mchapishaji mmoja wa Ixelles, hapa Ubelgiji, mzungu mwenye adabu zake, alinipa kahawa kwenye kikombe kidogo kama cha mwanasesere, akaniambia kitabu changu kinapendeza. Ila. Mtu akianza na sifa namna ile, we subiri "ila" yake. Alitaka nikigeuze kiwe Kifaransa, nipunguze vichekesho, niongeze machozi. Sura ya nne ilimgusa mno: pale mama anapogundua kwamba baba ana deuxième bureau, mwanamke wa pembeni aliyepangishiwa nyumba na kununuliwa mpaka sahani, akajifungia chumbani na kulia hadi asubuhi. "Tupe zaidi ya haya," akasema. Halafu ningoje miaka miwili ndipo kitoke.

"Deux ans?" mama aliruka nilipomweleza. "Hata tembo angekuwa amekwisha kuzaa! Chapa wewe mwenyewe."

Tonton, mdogo wake mama, alikuwepo akimaliza fufu yetu. Ni mlinzi wa mlangoni huko Schuman, kwenye maofisi ya wakubwa wa Ulaya, ila anaongea kana kwamba Ulaya yote inangoja sahihi yake. Hakuinua kichwa kutoka kwenye sahani.

"Kujichapishia kitabu ni kujioa," akasema. "Unatoa mahari mufuko ya kuume, unaipokea na mufuko ya kushoto. Bon, jioe. Lakini kisha usitulilie. Mwiba ya kujichoma haina pole."

Nilicheka, ila roho haikutulia. Kujioa sikukuogopa. Niliogopa wanunuzi. Mchapishaji akikitoa kwa Kifaransa, atakisoma mgeni fulani ndani ya metro, ashuke, atusahau. Nikikichapa mwenyewe kwa Kiswahili changu, nitakiuza wapi kama si mlangoni pa kanisa letu, kwa bamaman, akina mama wenzake, wanaomjua mama tangu Lubumbashi? Wale wana macho ya mwewe na midomo ya redio. Baba alikwisha kufa, kwa hiyo aibu yote ingemwangukia mama, na mama ametembea kichwa juu maisha yake yote. Kitabu kikimwinamisha kichwa hicho, kina faida gani? Afadhali kiozee kwenye kompyuta.

Basi nikamtolea nakala ya karatasi, nikamwekea mezani pamoja na miwani yake. "Soma kwanza, mama. Ukisema hapana, ni hapana."

Jamani! Wiki nzima alisomea jikoni, makayabu, wale samaki wa chumvi, yakikaangika na kurushia mafuta kurasa zangu. Alipofika sura ya nne alihamia chumbani, akafunga mlango, nami nikabaki nimesimama kwenye korido kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Kilio sikukisikia. Nilimsikia akifyonya, mara kwa mara, kwa hasira.

Jumamosi akavaa koti. "Tuende Matonge tuchague pagne."

Kwetu jambo kubwa halina heshima mpaka watu wavae kitenge kimoja, iwe harusi, ubatizo au matanga. "Pagne ya nini?" nikamuuliza tukipanda ngazi za metro pale Porte de Namur, mlangoni pa Matonge, mtaa wetu Waafrika.

"Ya kitabu, alors! Ya siku utakisomea watu, ya nini tena?" Akasimama katikati ya ngazi, watu wakitupita huku wamenuna. "Lakini umeandika uongo. Ile sura ya nne. Mi sikulia."

"Mama, ulijifungia mpaka asubuhi."

"Nilijifungia na kuku! Ile kuku ya baba yako, ile alisema tumuwekee. Nilikula yote, mpaka mifupa. Njo maana nilifunga mlango, mutoto. Musije mukaomba."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamkumbuka yule bwana na kikombe chake. Machozi aliyoyapenda hayakuwahi kutoka, na huyo kuku asingempa nafasi hata ya mstari mmoja. Nikaamua pale pale ngazini: najioa, na tonton atakula harusini.

Dukani mama alichagua kitenge cha njano chenye ndege, akaanza kuhesabu kwa vidole: mimi, dada zangu, bamaman wa kwaya, mke wa tonton. Muuzaji akauliza kama ndiyo yote.

"Ongeza moja," mama akasema. "Ya mwanamuke mumoja wa Liège."

Nikageuka kumtazama. Wa Liège ndiye yule yule, deuxième bureau wa baba. Naye alihamia Ubelgiji kama sisi. Kwenye matanga ya baba alikuja, akakaa nyuma kabisa na gauni lake jeusi, na hakuna aliyempa pagne.

"Mama," nikamnong'oneza, "umemsamehe?"

"Nani amesema kusamehe?" Alikuwa akikagua kitambaa kwa vidole, hakunitazama. "Kwa matanga tulimuacha nyuma. Kwa kitabu atakaa mbele, avae sawa na sisi, asikilize. Na wewe ukifika kwa kuku, usisome mbio."