Jani la Isale Mkononi mwa Mzungu

Juzi, pale stendi ya Moshi, nilimwona kijana wa Kizungu mwenye begi mgongoni akiwakwepa wanaonadi safari za kupanda mlima, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, kwetu Kirua.

Bibi alikuwa anapika mtori, jiko zima linanukia ndizi na moshi wa kuni. Yeye na jirani yetu, Mama Aloisi, walikuwa hawasalimiani, kisa mbuzi wa huyo jirani aliyekula maharage yetu. Mara mzungu akatokea migombani, upande wa Mama Aloisi, yuko peke yake, ameshika jani la isale.

Bibi akaacha mwiko. Kwetu, anayekuja na isale anaomba msamaha, na hakataliwi.

"Kumbe kamtuma mzungu!" akasema. Akalipokea jani kwa mikono miwili, akamkalisha mgeni, akamjazia bakuli. Nami nikaamini Mama Aloisi ana wazungu wake wa kutuma. Leo najua yule alikuwa amepotea njia, na jani alilichuma uzioni apate kufukuzia inzi.

Kisha Bibi akanishika mkono, jani akiwa nalo, tukaenda kwa jirani.

"Mama Aloisi, nimepokea. Yaishe."

Mama Aloisi, asiyejua lolote, akalitazama jani, akatutazama sisi, kisha akasema taratibu, "Yaishe, dada yangu."

Mgeni akaondoka ameshiba, hajui alichopatanisha.

Pale stendi, yule kijana akaniuliza kama kuna njia nyingine ya kuuona mlima. Nikamwonyesha ya Kirua, isiyo na bango.

"Ukifika kwenye uzio," nikamwambia, "chuma jani."