Ng'ombe wa Mama Hawahesabiwi

Maziwa yakiungua chini ya sufuria, harufu yake hushika mapazia siku mbili. Wengine hukimbilia kufungua dirisha. Mimi huketi kwanza. Hunirudisha katika jiko letu la ghorofa ya tisa, kwenye majengo marefu ya Barabara ya Dixon huku Canada, ambako ndege zilipita chini kiasi cha kutetemesha vikombe. Pale juu ya meza ya chakula, mahali ambapo waumini wenzetu walitundika picha ya Yesu, mama yangu alitundika ng'ombe.

Aliipata picha hiyo katika duka la mitumba kule Etobicoke, katika majira yetu ya kwanza ya baridi, alipokwenda kutununulia mabuti. Alirudi na mabuti ya watoto watatu, yake akayaacha, na picha kwapani. Ilikuwa nakala tu ya karatasi ndani ya fremu: ng'ombe wakiteremka mlimani kwenda kunywa maji, ukungu nyuma yao, mbingu yenye mvua ambayo haijaamua kunyesha. Mama alizaliwa kwenye nyanda za juu za mashariki ya Kongo, kwa watu wa ng'ombe, na sasa alikuwa anakata kuku kiwandani. Alisimama mbele ya picha ile koti likiwa bado na theluji.

"Tazameni huyu mwekundu," alituambia. "Sikio moja mbele, moja nyuma. Ndama wake amebaki juu, anamsikiliza."

Hatukuona sikio lolote. Tuliona ng'ombe.

Nyuma ya fremu kulikuwa na kijikaratasi cha Kiingereza, nami, mkubwa wa nyumba mwenye miaka kumi na miwili, ndiye niliyekuwa mkalimani wa kila kitu, kuanzia barua za umeme hadi maelezo ya dawa ya kikohozi. Nikamsomea. Mchoraji alikuwa mtu wa Austria, wa karne ya kumi na tisa, aliyechora wanyama na mandhari. Kila kiangazi alipanda milimani pamoja na wachungaji, akalala vibandani mwao, akachora kundi lilelile. Kisha maradhi yakaliangamiza kundi. Akabaki mjini, mzee, akiendelea kulichora kwa kumbukumbu mpaka alipokufa, na katika picha zote hizo hakupungua ng'ombe hata mmoja.

"Soma tena hapo mwisho," mama alisema. Nikasoma. Akaniambia nisome tena. Nilidhani Kiingereza changu kibaya.

Jina la mchoraji lilitushinda kutamka, kwa hiyo mama alimwita Mchungaji. Alisema hakuna awezaye kuchora kiwele namna ile bila kuwahi kukamua. Jina hilo lilituletea vituko. Siku moja Mama Asifiwe, jirani yetu wa ghorofa ya saba tuliyesali naye, alipiga simu akaambiwa, "Nipo jikoni na Mchungaji wangu." Dakika tano hazikuisha akawa mlangoni, kitambaa kichwani na sahani ya maandazi mikononi.

"Amekwenda wapi?"

"Huyo hapo ukutani."

"Yesu wangu! Nimepanda ngazi mbio kwa ajili ya ng'ombe?" Alicheka hadi akakaa sakafuni. Maandazi tuliyala sisi.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Jumamosi moja ya Februari, mdogo wangu Elisha alidai ng'ombe wale ni kumi na mmoja. Nikasema kumi na wawili. Neema, kitinda mimba wetu, akasema mia. Nikapanda kiti, nikaanza kuhesabu kwa sauti, nikimgusa kila mmoja kwa kidole. Nilifika tisa. Mama aliacha sufuria, akanikamata mkono kwa nguvu ambayo hakuwahi kunishika nayo, na nyuma yake maziwa yakafurika.

"Ng'ombe hanyoshewi kidole! Ukiwahesabu wanapungua!"

"Mama, ni karatasi," nilisema, na sisi watatu tukacheka. Yeye hakucheka. Hata sisi hakutuhesabu kamwe. Ofisini wakimuuliza ana watoto wangapi, alitaja majina, nami kwa aibu nikamalizia: watatu.

Wiki tano baadaye mshipa ulipasuka kichwani mwake akiwa kazini, na hakurudi. Baba alikuwa amefia kambi ya wakimbizi zamani. Nilijua nani amemuua mama. Nilijua hata ni kwa kidole kipi.

Sikumwambia mtu. Mwanamke wa ustawi wa watoto alipouliza tuko wangapi, nilikunja ngumi nikataja majina, mpaka akaniuliza kama ninaelewa Kiingereza. Mama Asifiwe alitupokea. Nilipotimiza miaka kumi na sita niliacha shule, nikaenda kukata kuku, ili Elisha na Neema wasome. Kanisani walinisifu kwamba nina moyo. Haukuwa moyo peke yake. Nilikuwa ninatubu.

Mwaka jana mama mdogo, mdogo wake mama, alifika Canada, akapata nyumba Pickering. Nilimwambia yote nikiwa naosha vyombo, nimempa mgongo. Alicheka kicheko kilichovunjika katikati.

"Tumaini, mama yako aliwahesabu ng'ombe wa babu yako kila jioni, kwa kidole. Alichapwa, hakuacha. Na hawakupungua. Aliacha mpakani."

Alinisimulia kwamba tulipokuwa tunakimbia vita, askari wa mpakani alimuuliza mama ana watoto wangapi. Mama alinyosha kidole: mimi, mwenye miaka miwili, na Elisha mgongoni. Akajibu, wawili. Jana yake walikuwa watatu. Mkubwa wetu alikufa kwa homa, wakamzika kando ya njia.

"Hilo ndilo lililomuumiza," mama mdogo alisema. "Kwamba hakukosea hesabu."

Nilimuuliza jina. Rehema. Alikuwa na miaka minne.

Ndugu msomaji, maisha yangu yote nilijiona kifungua mimba. Na mama hakuwa akiogopa mwiko siku ile ya maziwa. Aliogopa kwamba ningefika mwisho, na yeye angeisikia namba, kama ile aliyoitaja mpakani.

Jumapili iliyofuata niliwaita wadogo zangu nikawaambia. Elisha alitoka nje, kwenye roshani, bila koti, akasimama huko. Neema husikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, lakini safari hii aliyatafuta maneno, moja moja.

"Miaka minne," alisema. "Basi yeye ndiye mdogo wetu."