Njia Iliyokatiza Ngano

Kila mara shamba lililo kando ya kanisa lilipolimwa, Mavis Pullinger alivaa buti zake za mpira akalivuka katikati, toka lango la kijiji hadi ukuta wa kanisa, akiirudisha njia iliyofukiwa na trekta. Alianza akiwa mke mpya wa mkamua ng'ombe, na alipofika miaka themanini na sita alikuwa bado hajaacha.

Wenzake wa kijiji cha Little Harrock walizunguka pembeni. Waliona haya kukanyaga ngano ya mtu.

"We Mavis, ngano imekukosea nini?" Len Stubley, mwezeka paa mstaafu, alimtania baani.

"Imenikuta njiani, baba. Ningeikuta mimi, ningeipisha."

Kisha shamba likauzwa. Mwenyewe mpya akaweka waya wa miba, akasema hapajawahi kuwa na njia. Karani wa kijiji, Rosalind Tebbutt, akaandika barua serikalini, na afisa akatumwa. Sheria ilitaka wathibitishe kwamba watu walipita pale miaka ishirini bila kuomba ruhusa. Wakishindwa, njia ambayo wazee wao walibebwa juu yake kwenda kuzikwa imekwisha.

Ukumbini, afisa alimuuliza mmoja mmoja.

"Mimi nilizunguka," alisema Len, akiikodolea macho kofia yake.

"Na mimi," alisema jirani yake.

Zamu ya Rosalind ilipofika, naye alijibu hivyo hivyo, uso ukimwaka. Ustaarabu wao wenyewe ulikuwa unawanyang'anya njia.

Mavis akaegemea fimbo, akasimama. "Mimi nilikanyaga. Kila mwaka. Niliwakanyagia na hawa waungwana. Wageni wa Jumapili wakija na mbwa wao, walifuata nyayo zangu."

Afisa akatandaza picha zilizopigwa toka angani, za miaka ishirini na mitatu. Katika kila moja, mstari mwembamba ulikatiza ngano, umenyooka kama uzi. Waya uling'olewa kabla ya mavuno.

Oktoba, siku mbili kabla Mavis hajafa, Rosalind alimpelekea supu ya njegere kitandani. Nje trekta lilinguruma, halafu likanyamaza. Mavis hakuigusa supu. Aliziangalia buti za Rosalind, safi kabisa.

"Wamemaliza kulima," alisema. "Sasa wewe, mwanangu, umekaa hapa unangoja nini?"