Chumvi ya Wagonjwa

Tangu figo za mumewe zigome, msusi alikuwa mkali jikoni kuliko daktari. Mume, fundi viatu, alikuwa akipelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na nyumbani ndizi zilipigwa marufuku. Viazi vilichemshwa, maji yakamwagwa, vikachemshwa tena. Majirani walimcheka kwamba anapika kama anayefua nguo. Aliwaambia wacheke mpaka wachoke, mume ni wake.

Kilichomshinda ni chumvi. Chakula kisichokolea fundi alikisukuma pembeni, akasema bora afe ameshiba. Basi msusi akapata dukani kopo la chumvi ya watu wa presha, akaanza kumnyunyizia kimyakimya. Fundi akarudiwa na hamu ya kula, akawa analamba hata vidole. Mkewe kichwa kikamvimba kidogo, na nani angemlaumu?

Asubuhi moja fundi alitaka kuinuka kitandani, miguu ikamgomea.

"Mke wangu, hii miguu umeazima wapi?" akatania.

Msusi hakucheka. Alimwekea mkono kifuani, akasikia moyo unadunda, unanyamaza, unadunda tena. Akamvika shati bila kumfunga vifungo, akakimbilia barabarani kutafuta gari.

Hospitalini walimbandika waya kifuani. Nesi aliitazama karatasi ya kipimo cha moyo, akamwita daktari bila kungoja majibu ya damu. Wakamchoma sindano ya kuukinga moyo, wakamwekea insulini na maji ya sukari, kisha wakamuunganisha na mashine.

"Potasiamu imepanda sana," nesi alimweleza msusi. "Figo zake haziwezi kuitoa, na ikizidi moyo unaweza kusimama. Amekula nini, mama?"

"Sijamkosea kitu, sista! Matunda simpi, viazi nachemsha mara mbili. Hata chumvi natumia ile ya kopo, ya watu wa presha."

Nesi aliiweka chini karatasi ya kipimo.

"Mama, ile inafaa mwenye figo nzima. Wamepunguza sodiamu, wakaweka potasiamu mahali pake."

Msusi aliketi chini pale pale, sakafuni. Alikuwa amemlisha kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa mapenzi. Alitamani mtu amtukane, lakini watu wote walikuwa wanamhangaikia mumewe.

Mashine ilikoroma saa nzima na zaidi. Hatimaye moyo ukatulia, fundi akafumbua macho na kuulizia viatu vya wateja wake. Msusi alilia kwa sauti bila kuona haya.

"Nyumbani kuna mwingine anayetumia hiyo chumvi?" nesi akauliza.

"Nyumbani hakuna," alijibu, kisha akageuka kuutazama mlango. Nje ya chumba kile cha mashine kulikuwa na benchi ambapo wake za wagonjwa walisubiri waume zao wakipeana mbinu za jikoni. Wiki iliyopita, pale pale, alimmiminia mke wa dereva mmoja nusu ya kopo. Dereva naye figo zilikuwa zimekufa.

Akapiga simu. Iliita, ikaita, ikapokewa.

"Dada yangu!" sauti ikachangamka. "Nilitaka nikupigie nikushukuru. Mzee jana kala sahani mbili! Leo anasema mwili mzito, nimemwacha alale."

"Mwamshe," msusi alisema, lakini mwenzake alikuwa bado akimshukuru. Akajaribu tena.